Sentimita Kumi na Sita

Iko nchi moja, jina lake silitaji. Nikilitaja mtaanza kunyoosheana vidole, na mimi nimekuja kusimulia tu, sikuja kugombanisha watu. Iko mbali sana, huko ambako viongozi wanawapenda wananchi wao kupita kiasi. Kwa hiyo mkisikia jambo lake limefanana na jambo mnalolijua, shauri yenu.

Katika nchi hiyo, kwenye kata ya Kiloweko, alikuwapo muuguzi mmoja aitwaye Subilaga, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Kila mtu alimwita Sista. Zahanati yake ilikuwa na vyumba viwili, mizani ya kuning'iniza watoto mfano wa ile ya muuza nyama, na ubao wa mti wa kupimia urefu, uliochorwa sentimita moja hadi mia moja na thelathini. Kila Jumanne kina mama walileta watoto wao. Sista aliwapima uzito, akawasimamisha kwenye ubao, kisha akaangalia jedwali lililobandikwa ukutani: mtoto mwenye urefu huu, anatakiwa awe na kilo hizi. Aliyepungukiwa mno alipewa kadi nyekundu, na mwenye kadi nyekundu alipewa mfuko mmoja wa unga wa lishe kila wiki. Basi, hayo tu. Kazi nyepesi namna hiyo hata waziri angeiweza, kama angetaka.

Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, na kadi nyekundu zilikuwa nyingi kuliko za kijani. Moja ilikuwa ya Sekela, mtoto wa miaka minne, urefu sentimita mia moja kamili, uzito kilo kumi na moja. Jedwali lilisema kumi na tano. Mifupa yake ungeihesabu ukiwa umekaa ng'ambo ya barabara. Lakini adabu aliyokuwa nayo mtoto yule, Mungu wangu! Alikuwa akiingia zahanati anaamkia kila kitu.

"Shikamoo Sista. Shikamoo mizani. Shikamoo ubao."

"Marahaba," Sista aliitikia kwa niaba ya ubao, maana ubao haukufundishwa.

Baada ya wiki tatu za uji, Sekela alifika kilo kumi na moja na nusu. Alianza kugombana na wenzake, jambo ambalo Sista alilipenda kuliko hata ile nusu kilo. Mtoto mwenye njaa kali hagombani na mtu.

"Mama Sekela," Sista alimwambia mama yake, "huyu tukimshikilia hivihivi wiki nane tu, namnyang'anya hii kadi nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mnyang'anye, Sista. Mimi nitakushangilia."

Hilo ndilo walilokuwa wakilitaka, wanawake wawili wale: wiki nane. Hawakuomba barabara ya lami wala uwanja wa ndege.

*

Sasa, wakati huohuo, wageni fulani wenye kalamu nyingi walizunguka nchi nzima wakipima watoto. Walipomaliza waliandika kwamba katika kila watoto kumi, wanne ni wepesi kupita kiasi kwa urefu wao. Waliandika kwa herufi kubwa, wakasambaza dunia nzima. Aibu gani hiyo!

Mtukufu Rais aliita Baraza la Mawaziri. Baraza lilikaa siku tatu na kula mara tisa.

Waziri wa Kilimo, mtu mpya, asiyejua taratibu, alinyoosha mkono akasema, "Mtukufu, labda tuwape chakula." Mtu yule aliondolewa uwaziri kabla chai haijapoa, akapelekwa ubalozini kwenye nchi ya barafu, na mpaka leo anaandika barua za kuomba sweta.

Mwingine alipendekeza kilo ipunguzwe, ili kila mwananchi aonekane anazo nyingi. Waziri wa Biashara akaruka juu. Nyama ya karamu za serikali hupimwa kwa kilo! Kilo ikipungua si na nyama inapungua? Wazo likafa papo hapo.

Ndipo akasimama Waziri wa Afya, Profesa Daktari Mhandisi Kasyupa, ambaye vyeo vilikuwa vimemjaa mpaka fahamu ikakosa pa kukaa.

"Mtukufu," alisema, akiegemeza tumbo mezani, "uzito bora ni upi? Ni ule unaolingana na urefu. Sasa wananchi wako uzito wanao! Nani amesema hawana? Kinachowaponza ni urefu. Wamerefuka ovyo, bila mpango, bila kibali cha mtu. Tukiupunguza urefu wao, njaa itakuwa imekwisha kabla ya saa ya chakula cha mchana."

Walimpigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Iliamriwa papo hapo itengenezwe sentimita mpya, ndefu kuliko ya zamani, ili mtu huyohuyo akipimwa atoke na chache. Pale ilipokuwa mia, sasa ingesomeka themanini na nne. Waziri wa Ujenzi peke yake ndiye aliyeng'aka: nyumba yake ya ghorofa tatu ingepungua vyumba! Basi wakakubaliana kwamba sentimita mpya zitatumika Wizara ya Afya tu. Wizara nyingine zote ziendelee na zile za zamani. Kumbukeni hilo, maana wao walilisahau.

Likabaki jambo moja dogo. Kwa watu wazima, nchi ile ilikuwa na hesabu inayojulikana na kila mtu: chukua urefu wako kwa sentimita, toa mia, unachobaki nacho ndizo kilo zako. Mtukufu alikuwa na urefu wa mia moja na sitini na kilo mia moja na kumi na nane. Kwa hesabu hiyo alitakiwa awe na sitini. Karani aliyekuwa akiandika aliangusha kalamu, akajifanya anakohoa.

"Kiongozi," Profesa alisema haraka, kijasho chembamba kikimtoka, "hapimwi kama mtu wa kawaida. Kiongozi hupimwa pamoja na mamlaka yake. Asimame jukwaani, avae kofia, apimwe kuanzia ardhi wanayokanyaga wananchi mpaka ncha ya unyoya."

Wakampima. Mia mbili na kumi na nane. Toa mia: mia moja na kumi na nane. Hakuzidi hata gramu! Redio ikatangaza kwamba Mtukufu ndiye binadamu pekee duniani mwenye uzito bora usio na dosari, na watu kadhaa walilia kwa furaha mbele ya kamera. Mimi simo. Nasimulia tu.

*

Ubao mpya uliletwa Kiloweko Jumanne, umefungwa utepe, umelala ndani ya gari la wagonjwa. Mgonjwa aliyekuwa akilisubiri gari hilo tangu Jumamosi aliambiwa aupishe. Uliletwa na Afisa Urefu wa Wilaya, Bwana Mtambalike, kijana wa suti ya kijivu, viatu vimeng'aa mpaka unajiona uso.

"Ndugu wananchi," alihutubia kina mama waliokaa chini na watoto migongoni, "leo serikali imewatua mzigo mkubwa. Mmekuwa mkibeba urefu usio wenu. Kuanzia sasa hakuna mtoto mwembamba nchini. Pigeni makofi."

Walipiga. Ungefanya nini? Askari alikuwapo.

Ubao wa zamani uliamriwa ukapasuliwe kuni. Fundi Ambilikile, seremala wa pale sokoni, aliitwa auchukue. Aliubeba begani, akaondoka nao. Ulikuwa mti mzuri wa mninga, na fundi yule hakuwahi kuchoma mninga maishani mwake.

Upimaji ukaanza. Sekela akasogea, akavua kandambili.

"Shikamoo, ubao mpya."

Hakuna aliyemwitikia. Bwana Mtambalike aliinama akasoma. "Themanini na nne. Kilo?"

"Kumi na moja na nusu," Sista alisema.

Afisa alipitisha kidole kwenye jedwali, uso ukamchangamka. "Kumi na moja ndizo zinazotakiwa. Huyu amezidisha! Mama, mwangalie mwanao, anaelekea kwenye unene. Punguza mafuta." Akamwandikia kadi ya kijani.

Mama Sekela aliigeuza kadi mbele na nyuma. "Na unga, baba?"

"Unga ni wa wembamba, mama. Umemwona mwembamba hapa?"

Mama Sekela alimtazama mwanawe. Akamtazama yule afisa. Jibu lilikuwa limesimama pale miguu mitupu, magoti makubwa kuliko mapaja.

"Bwana Afisa," Sista alisema, akijizuia, "mtoto ni yuleyule wa wiki iliyopita."

"Sista, mtoto ni yuleyule. Taifa ndilo lililobadilika."

Siku hiyo walipimwa watoto arobaini na mmoja na kupona wote arobaini na mmoja. Mifuko ya unga iliyokuwa stoo ilipakiwa kwenye gari la wagonjwa, ikaondoka. Ijumaa redio ikatangaza kwamba nchi yetu, baada ya kuitokomeza njaa, imetoa msaada wa unga kwa nchi jirani zenye shida. Gazeti likatoa picha ya Mtukufu amekumbatia mfuko. Sista aliutambua mfuko ule, kwa sababu alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi mwekundu ulipopasuka, na ulikuwa wa Sekela. Aliikunja picha ile taratibu, akaiweka mfukoni.

*

Aliandika barua wilayani. Jibu lilikuja na mihuri mitatu: "Mtoto Sekela alipona Jumanne saa nne na robo asubuhi. Kuendelea kumwita mgonjwa ni kumrefusha kinyume cha sheria."

Basi akaanza kupika uji nyumbani kwake, kwa mahindi yake mwenyewe, akawa anaupeleka zahanati kwenye ndoo yenye mfuniko, kikombe kimoja kwa mtoto. Watoto walikuwa arobaini na mmoja. Debe la mahindi lilikuwa moja. Siku kumi na mbili baadaye alikuwa anakung'uta gunia.

Wiki ya tano Mama Sekela alikuja mbio, mtoto mgongoni. "Sista, njoo umwone! Amenenepa, lakini... sijui. Sijapenda unene wake."

Uso wa Sekela ulikuwa umevimba, macho yamekuwa vijistari. Nyayo zilikuwa zimejaa, ngozi imekaza na kung'aa. Hakuamkia mtu wala kitu. Sista alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu polepole mpaka tatu, akatoa kidole. Pakabaki shimo, nalo halikurudi. Yalikuwa maji. Mtoto alikuwa amevimba kwa njaa.

"Huyu anakwenda hospitali kubwa leo hii," alisema, akavuta fomu ya rufaa. Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa: *Rangi ya kadi?* Chini yake: *Ikiwa kijani, usiendelee kujaza.*

Kwa bahati, nasema kwa bahati, Bwana Mtambalike alikuwa amekuja siku hiyo na gari la wagonjwa, akitafuta sura za kuweka kwenye bango la Siku ya Uzito Bora. Sista alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye mizani.

"Mwone mwenyewe!"

Afisa akasoma mizani. "Kilo kumi na tatu! Bila unga wetu! Sista, mimi nilikwambia! Mashavu hayo!" Akatoa kamera.

"Ni maji, Bwana Afisa! Bonyeza hapa, bonyeza!"

"Mizani haijaandikwa maji. Imeandikwa kilo." Akapiga picha tatu, moja kutoka mbele na mbili kutoka ubavuni. "Huyu ndiye Mtoto Bora wa Wilaya."

"Basi mpe lifti Mtoto Bora wako mpaka hospitali."

"Gari la wagonjwa ni la wagonjwa, Sista. Ukilipakia mtoto mwenye kadi ya kijani, nitawajibika."

Akapanda, akaondoka na kamera yake. Vumbi liliwatia weupe wote wawili, mama na muuguzi, na mtoto katikati yao.

Sista alijaza fomu akaandika kadi nyekundu. Ikarudishwa. Akajaza ya pili, ikarudishwa na onyo. Mama Sekela akasema atambeba kwa miguu, siku mbili za njia, na Sista akamwambia ampe dakika moja ajaze ya tatu, hii ataipeleka mwenyewe mikononi mwa Mganga Mkuu, atalala mlangoni kwake. Alikuwa anaandika jina la mtoto, herufi ya nne, aliposikia mama, aliyekuwa akimbembeleza mtoto mapajani, ameacha kuimba.

Alhamisi, saa sita mchana, kwenye benchi. Sista hakunyanyuka haraka. Alimaliza kuliandika jina lote kwanza, Sekela, kwa sababu hakuweza kuliacha nusu. Ndipo akaangusha kalamu, akapiga meza kwa ngumi mpaka mizani ikayumba kwenye ndoano yake.

*

Katika nchi ile huziki bila kibali. Kibali kilitoka kesho yake, kimesainiwa na Bwana Mtambalike. *Jina: Sekela. Urefu wa kitaifa: 84. Sababu ya kifo: hakuna, marehemu alikuwa na uzito bora. Urefu wa kaburi: 84, jumlisha 10 za jeneza, jumla 94.* Vibarua wa Idara ya Makaburi walikipokea, wakatoa futi yao, wakachimba tisini na nne barabara. Futi yao, kama mnakumbuka, ilikuwa ya zamani.

Jeneza alilitengeneza Fundi Ambilikile. Hakuuliza kibali. Alikwenda na kamba nyumbani kwa Mama Sekela, akampima mtoto kichwa mpaka kisigino, akafunga fundo. Na mbao hakununua, alikuwa nazo. Walipolibeba jeneza kuja makaburini kila mtu aliona: ubavuni mwake, kwa rangi nyeusi, zilikuwa zimepangana sentimita, tano, kumi, kumi na tano, mpaka mia moja na kumi. Sista alikuwa akitembea nyuma yake. Alizitambua zile nambari moja moja.

Bwana Mtambalike alikuwa amefika mapema, na wasaidizi wawili, askari na bango. Bango lilikuwa limetoka kiwandani asubuhi ile, picha ya Sekela mashavu yamejaa, chini yake maneno: *Shibe Yetu, Fahari Yetu.* Alidhani familia itafurahi kuliweka pale. Nawaambieni alidhani hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniua mimi.

Wakateremsha jeneza. Halikushuka. Upande wa miguu ulikaa ukingoni, juu ya udongo. Wakaliinua, wakaligeuza, wakajaribu tena. Halikushuka.

Bwana Mtambalike akatoa kibali mfukoni, akakisoma, akachungulia shimo, akakisoma tena.

"Kaburi ni sahihi," alisema. "Liko kama ilivyoandikwa. Kosa ni la marehemu." Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesaidia: "Mtoeni humo jenezani. Mkunjeni."

Sijui niwaambie nini. Kuna maneno yakishatamkwa, hata aliyeyatamka huyasikia baadaye kidogo.

Mama Sekela alikuwa amekaa chini, amejifunga kanga kiunoni. Alinyanyuka, akaenda mpaka kwa kibarua mmoja, akachukua jembe mkononi mwake. Watu walidhani atampiga nalo yule afisa, na askari naye alidhani hivyo, ila kwa sababu anazozijua mwenyewe aliangalia upande mwingine. Mama Sekela hakumpiga. Alimpa.

"Chimba, baba," alisema.

"Mama, mimi ni Afisa..."

"Chimba."

Aligeuka kumtafuta mtu wa kumtetea. Kata nzima ilikuwa imesimama pale, mabega kwa mabega, warefu kama Mungu alivyowaumba, na kila mmoja alikuwa anamtazama kutoka juu. Akavua koti la suti. Akalitafutia mahali pa kuliweka, akakosa, akalitupa chini. Akaingia shimoni na viatu vyake vya kung'aa.

Alichimba vibaya. Jembe lilikuwa likimgonga miguuni, udongo ukimrudia usoni. Sista alisimama ukingoni, kiganja amekilaza juu ya jeneza, juu ya zile nambari, akihesabu. Kila baada ya muda afisa aliinua uso, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.

"Imetosha, Sista?"

"Bado."

Akachimba. Viganja vikampasuka. Akainua uso tena.

"Imetosha?"

"Bado," alisema Sista Subilaga.